Oksijeni ya Mirihi

Salt Lake City
Jumanne, 14 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, kifua kimetulia, na Shangazi Fotini amekubadilishia mtungi wa oksijeni bila ninyi wawili kugombana. Ameniambia siku hizi unauvua mrija puani ili uvute sigara barazani. Baba, mtungi ule unaweza kuilipua nyumba, na wewe mtu wa mgodini hupaswi kuambiwa hayo na mimi.

Mwili wangu hauna neno. Roho ndiyo haitulii. Naandika mstari mmoja, nainuka, nafungua dirisha, nalifunga, narudi kukaa.

Krismasi ulinitania mbele ya wageni: "Huyu Despina wangu anawatengenezea hewa watu wa Mirihi, ambako hakuna hata mbuzi, na babake hapa mjini Helper anahema kama treni ya makaa." Wote walicheka, nami nikacheka. Lakini maneno yale nilirudi nayo kazini. Nilimwuliza mkubwa wangu, Bi. Whitlock, kama kauri zetu, zile tunazotolea oksijeni maabara, zingeweza kumpa mgonjwa pumzi nyumbani kwake. Akanijibu kwa upole kwamba bado sana. Kauri ya zirkonia ikiwa baridi ni kama sahani ya kabatini, haipitishi kitu. Mpaka ipate joto la digrii mia nane, iwe nyekundu, ndipo umeme unapoweza kuisukuma oksijeni ipenye ndani yake, na hewa nyingine zote zibaki nje. Akaniuliza ni nani atakayeweka tanuri kama hilo kando ya kitanda cha babake.

Jumapili nilikueleza kwa simu habari za jaribio la wiki iliyopita. Niliyokuambia yalitokea kweli. Tulilipasha moto rundo la kauri, nyembamba kama karata, pole pole tangu asubuhi. Mwenzangu Tevita, yule Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, mwenye mwili wa mlango na mikono ya mkunga, alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwao. Mara ukasikika mlio mdogo, kama mtu amevunja biskuti. Tevita akakatisha wimbo, akasema, "Dada, huyo ameshakufa." Kauri na chuma kinachoishikilia havikutanuka sawasawa, ikapasuka.

Kwenye simu niliishia hapo. Nikakusikia ukivuta pumzi, ukasema, "Basi, mwanangu. Rudi nyumbani." Sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu Mama afariki, nami nikashindwa kuendelea.

Baba, kulikuwa na jaribio la pili, Ijumaa. Tulibadilisha kioo kinachoziba maungio, tukapandisha joto taratibu zaidi. Tulipowasha umeme, kipimo cha oksijeni kilikaa sifuri, Bi. Whitlock akitafuna kucha. Kisha kikatikisika, kikapanda, kikabaki huko juu. Upande mmoja tulikuwa tumeingiza hewa ya ukaa, ndiyo iliyotanda Mirihi, ileile mliyoiogopa chini mgodini, na upande wa pili ilikuwa ikitoka oksijeni safi. Tevita alinibeba juujuu. Nililia, wakadhani ni furaha tupu.

Unakumbuka tulivyopatana: likishindwa, nitarudi Helper nikutunze. Halikushindwa. Kazi inahamia California kwa miaka mitatu, wamenitaka niongoze kikundi cha kauri, na jana nimetia sahihi. Naondoka baada ya Pasaka.

Sikunyamaza kwa kukuogopa. Nilitaka ukae na furaha ile kidogo, na huko ndiko kukudanganya. Najua utauliza nani atakupeleka kliniki. Shangazi nilimweleza jana usiku. Alinitukana kwa Kigiriki, lugha yetu ya nyumbani, mpaka akachoka, kisha akasema atahamia kwako. Hilo si jibu la kutosha, wala sina lingine. Ninakwenda kwa sababu nataka kwenda, Baba. Hili ndilo lililokuwa gumu kuliandika.

Nisalimie Shangazi, na wazee wenzako wa kahawani, wakitaka salamu zangu.

Jumamosi nitapiga simu. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ila fanya pole pole, upumzike katikati. Mimi sitakata, nitasubiri mpaka pumzi ikurudie uendelee.

Ni mimi binti yako,
Despina