Kasau na Zile Siku Kumi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Wewe ndiye uliyempa jina. Baba alishuka kutoka kwenye lori la shamba la Malili, alikokuwa akichunga ng'ombe wa mzungu, akiwa amembeba kifuani kama mtoto mgonjwa, miguu minne ikining'inia. Mzungu alikuwa ameuza shamba na anarudi kwao, na yule mbwa mchanga alikuwa zawadi ya kuagana. Ulizitazama nyayo zake, pana kama visahani, ukasema huyo si mbwa, huyo ni kasau, ndama. Akawa Kasau tangu siku hiyo. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Baba alituambia kwamba mbwa wa aina ile hukua kupita kiasi, na kwamba mzungu alimwonya asimzoee sana, maana hawadumu. Akifika miaka minane ameshakuwa mzee wa kuzikwa. Nadhani wewe hukuyasahau maneno hayo hata siku moja. Kasau alikua hadi akawa anaweka kidevu juu ya meza bila kuinua mguu. Wageni waliogopa kuingia bomani, naye hakuwa na habari ya kuuma mtu. Alichopenda ni kuwaegemea, na kwa uzito ule aliwaangusha. Mchungaji wetu wa kanisa alianguka naye mara mbili.

Baba alipotutoka, Kasau alikuwa na miaka saba. Alipotimiza minane ukaanza ile desturi yako. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, ulienda kusimama mbele ya magunia aliyolalia, yale uliyoyajaza maganda ya mahindi ili viwiko vyake visichubuke, ukatazama mbavu zake mpaka uone zimepanda na kushuka. Ndipo ukaja kutuamsha. Tisa ikapita, kumi ikapita. Mdomo wake ukawa mweupe kama umepakwa unga. Miguu ya nyuma ikaanza kuyumba.

Mwaka wake wa kumi na moja nilikuwa mwalimu mpya huku Kitui. Nilipofika nyumbani likizo ya Agosti nikakuta kijiji kizima kina hofu. Wiki iliyotangulia, mbwa mwenye kichaa, asiyejulikana katoka wapi, alipita na kumng'ata mbwa wa jirani yetu Mama Ndinda. Mbwa wake akauawa. Kasau hakuna aliyemwona akiumwa, lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba hakuumwa. Na chanjo hakuwa amepata tangu Baba afariki. Hilo lilikuwa kosa letu sote.

Siku ya pili ya likizo alianza kutokwa na mate mengi kuliko kawaida. Nilimwekea maji, akayakaribia, akayagusa kwa ulimi, akarudi nyuma akitetemeka. Ulikuwa shambani. Nilidhani amekwamwa na mfupa, nikampanua mdomo kwa mikono miwili. Alijitoa kwa nguvu, na jino lake likanichana kidole gumba. Damu ikatoka. Nilinawa kwa sabuni mara tatu, nikafunga kitambaa, nikakaa kimya. Nilijua nikisema, watamuua na kichwa chake kitakatwa kipelekwe kupimwa.

Kesho yake majirani walikuja pamoja na mzee wa kijiji. Mama Ndinda ndiye aliyezungumza zaidi. Alisema mbwa anayekimbia maji hana jina lingine, na kwamba yeye wake ameshamzika. Ulimjibu kwamba Kasau ni mzee, na mzee hutokwa na mate. Mtu wa vetinari, wa kutibu mifugo, aliyefuatana nao, ndiye aliyetupa nafasi. Alisema mbwa akiwa na kichaa na ameanza kukionyesha, hapiti siku kumi. Afungwe, asikaribiwe, atazamwe. Siku ya kumi akiwa hai, hana.

Mliufunga mlango wa banda la mbuzi kwa waya, naye akiwa ndani, nikaanza kuhesabu. Lakini wewe ulikuwa ukimhesabia Kasau, mimi nilikuwa nikihesabu mambo mawili. Niliogopa kila nilipomeza mate. Nilikunywa maji mara kwa mara nijihakikishie kwamba bado yanapita.

Siku ya tatu uliniona nikiosha vyombo kwa mkono mmoja.

"Nionyeshe mkono," ulisema.

Nikakufungulia kitambaa. Hukunipigia kelele. Uliuliza ni lini, nikakujibu. Ukavua leso ya kazi, ukavaa nguo ya kanisa, tukaenda hospitali. Kule nilianzishiwa sindano za tumboni, moja kila siku, na daktari akatuambia kwamba maadamu nimeanza dawa, mbwa aachwe atazamwe. Akasema pia kwamba tungekawia zaidi asingejua la kutuambia. Njiani kurudi ulitembea mbele yangu, nami niliona afadhali ungenichapa.

Majirani walipopata habari kwamba damu imetoka, walirudi siku ile ile. Safari hii walikuwa na mapanga. Ulisimama kwenye mlango wa banda ukawaambia yale maneno ya daktari, polepole, mara mbili, kama unayemfundisha mtoto. Wakaondoka bila kuridhika. Jioni ile nilikutazama ukichagua maharagwe, mkono wako umetulia kabisa, nikakukasirikia. Naandika hili kwa mara ya kwanza. Nilidhani unampenda mbwa kuliko mimi. Ningewezaje kuogopa hivi, nawe uchague maharagwe?

Siku ya saba Kasau hakusimama. Siku ya nane alisimama akaanguka. Siku ya tisa ulimsukumia kwa fimbo ule uji mwembamba, vuguvugu, wa kila siku, akalamba upande mmoja tu wa mdomo.

Siku ya kumi mtu wa vetinari alifika jua likiwa limeshachomoza vizuri. Kasau alikuwa amekaa, kichwa juu, anatutazama. Yule mtu alimtazama kwa muda mrefu kupitia nyufa, akavaa glavu za ngozi, akaingia. Alimfungua mdomo, akainama, kisha akacheka. Jino la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi na ufizi umejaa usaha. Ndiyo maana maji yalimchoma. Ulikishika kile kichwa kizito mapajani mwako, jino likang'olewa kwa koleo. Baada ya kitambo Kasau akanywa karai zima la maji bila kupumzika. Ulikaa chini kwenye vumbi ukacheka mpaka machozi, nami nikacheka, tumbo likiuma kwa sindano.

Aliishi miaka miwili zaidi. Alipotimiza kumi na mitatu, ukihesabu tangu siku ya lori, ulipika muthokoi wa mahindi na maharagwe sufuria kubwa, ukamchemshia kichwa cha ng'ombe, ukawaita wanawake wa kanisa. Walikucheka kwamba unamfanyia mbwa sherehe, kisha wakala wakamaliza. Mama Ndinda alileta wajukuu wake wapigwe picha wameegemea ubavu wa Kasau, awaambie watu kwamba amekaa jirani na mbwa aliyewashinda wazungu hesabu. Kasau alikufa mchana mmoja wa mwezi wa tano, amelala juani. Uliniandikia mistari mitatu tu: Kasau ameondoka. Hakuumwa. Nimemzika karibu na Baba.

Mwaka jana, siku ya mazishi yako, Mama Ndinda alinivuta kando. Alikuwa mzee sana, ananishika mkono asiuachilie. Aliniambia kwamba jioni ile tuliyotoka hospitali mara ya kwanza, ulikwenda kwake na panga. Ulimwomba akuulie Kasau, kwa sababu wewe huwezi, na kwa sababu kama ningekufa hungejisamehe. Yeye, aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, ndiye aliyekunyang'anya panga na kukuambia ungoje. Mlilia pamoja jikoni kwake. Kisha ukanawa uso, ukarudi nyumbani ukachagua maharagwe.

Mwaitu, kwa nini hukuniambia? Siku kumi nzima nilidhani naogopa peke yangu.

Nakuuliza kwa sababu mjukuu wako Mwende amelazwa hospitalini hapa Kitui. Wamemtoa uvimbe shingoni, ukapelekwa Nairobi kupimwa, na hii ni siku ya sita tunangoja majibu. Asubuhi aliniuliza, "Mami, wewe huogopi?" Nikamwambia hapana, huku nikimkunjia nguo zake vizuri, mikono imetulia kabisa.

Niko kwenye benchi nje ya wodi. Mlango uko wazi, namwona ananitazama. Naiacha kalamu hapa, Mwaitu, niende nikakae kitandani kwake nimwambie kwamba nilimdanganya.

Pumzika.

Binti yako wa kwanza,
Kalekye