Jioni Kioo Kilipozimika

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Kuharibu mtambo wa studio ya televisheni
Jina: Naitwa Kimya, nyumbani na shuleni
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi
Makazi: Kwa shangazi yangu, mtangazaji wa habari wa televisheni ya mkoa, ghorofa ya pili nyuma ya posta

Nimeomba kuandika mwenyewe kwa sababu mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito. Naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: shangazi haoni tena maandishi vizuri. Huu ni mwaka wa pili. Kila jioni, kwenye chumba cha vipodozi, namsomea taarifa nzima mara mbili, za nje nikizitafsiri, naye anazishika kichwani. Watu wanadhani anasoma kwenye kioo kinachopitisha maandishi mbele ya kamera.

Mnamo tarehe 9 Juni, saa 12:50 jioni, nilikuwa nyuma ya pazia la studio. Nilimwona mtangazaji wa michezo, ambaye anakitaka kiti cha shangazi, akiinama chini ya kioo hicho. Alikata waya kwa mkasi, akauficha mkasi mfukoni. Shangazi alipoingia kukaa kitini, akamwambia, "Dada mkubwa, leo usituangushe."

Shangazi akajibu, "Wewe kaa na magoli yako."

Saa 1:00 kamili taa nyekundu iliwaka. Kioo kilikuwa cheusi. Fundi mitambo alijishika kichwa. Shangazi akasema, "Habari za jioni," akatiririka dakika kumi na nane, mafuriko, shule mpya, mpaka majina magumu ya mawaziri wa nje, bila kumeza neno.

Ikafika zamu ya michezo. Yule bwana alikuwa amesahau kwamba naye anasoma hapohapo. Alisema, "Katika michezo... eee... kulikuwa na michezo." Shangazi akamtajia matokeo yote. Hayo pia nilikuwa nimemsomea.

Baadaye yule bwana alisema waya umeliwa na panya. Fundi akamuuliza, "Panya gani ana mkasi?" Studio nzima ilicheka, kisha wakampigia shangazi makofi wakiwa wamesimama.

Nimekuwa nikiifunika karatasi hii kwa mkono. Wakubwa wa televisheni wakijua habari ya macho wanaweza kumtoa hewani, na nisipoisema, siwezi kueleza nilifuata nini studio. Sasa nasikia viatu vya shangazi kwenye korido ya kituo hiki cha polisi. Nimeondoa mkono.

Amefungua mlango. "Umeandika yote, mama?"

"Yote, shangazi. Hata macho."

Amecheka. "Vizuri. Watazamaji nitawaambia mwenyewe, leo saa moja. Na wewe utakaa pembeni yangu."

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, nimeyaandika kwa hiari yangu.

Sahihi: Kimya

Afisa: Ameandika mbele yangu, tarehe 11 Juni, saa 4:10 hadi 4:55 asubuhi. Hakuna neno lililofutwa.