Jaribio la Elyse limefika Kakuma

Asekon, uko? Elyse amekwama hapa ofisini kwetu Lodwar.

Alikuwa anajaribu programu yake ya kuonya watu wa Kakuma laga, ule mto wa msimu, ikijaa. Programu ilikataa kufanya kazi. Mtandaoni wakasema kopi mipangilio yote ya seva, itaitika. Akakopi, ikaja na namba za simu za kweli.

Namba za kweli, Asekon.

"Maji yanakuja, hameni sasa." Imeenda kwa kambi nzima.

Mama yake akapiga kutoka kambini: "Tumebeba batoto, tunakimbia. Mayi iko wapi?"

Elyse ameandika ujumbe wa kuwaambia warudi nyumbani. Kabla hajautuma, Ejore, mchunga mbuzi, akapiga kutoka Oropoi, kule laga inakoanzia. Mvua imewapiga tangu asubuhi.

Sasa wewe, ungeutuma?