Mkaguzi Hayupo

Jumatatu, 3 Juni

Mkaguzi amekufa. Asubuhi, langoni. Gari la maji lilirudi nyuma, dereva hakumwona. Kaka ndiye aliyemwokota. Alimfunga kwa shati lake la kazini, tukamzika nyuma ya karakana ya viatu ya baba. Sikujua kaka anaweza kulia vile. Mtu mzima na ndevu zake!

Na baba anatoka hospitali kesho. Jicho lake lile moja — la kushoto lilishapotea zamani — limepasuliwa, limefungwa hadi Ijumaa. Daktari alitukalisha kama watoto wa shule: asiiname, asipige chafya, asilie. Hasa asilie. Kidonda kikifumuka, hana jicho jingine la akiba.

Shangazi ameshakata shauri: hakuna kusema mpaka bandeji itoke. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, ana sauti ya kutosha nyumba tatu. Nikauliza, baba akimwita paka wake je? "Mwambie yuko nje. Paka si hukaa nje?" Wa watu wengine, labda. Huyu hakubanduka karakana mteja akiwepo.

Jumanne, 4 Juni

Baba amefika. Alivua viatu mlangoni, akasimama kidogo, mkono ukutani. Nikadhani kizunguzungu. Akauliza tu kama chai ipo.

Nimeshinda namfikiria yule paka. Jina alipewa na wateja. Kiatu kikiletwa, anakuja mbio, anatia kichwa ndani mpaka mabegani, ananusa weee, kisha anamtazama mwenye kiatu. Anamtazama kweli! Kuna bwana mmoja alitahayari akaenda kununua soksi mpya siku hiyo hiyo. Baba naye, uso mkavu: "Vipi Mkaguzi, kimepita?" Kikipita, anakilalia. Kisipopita, chafya moja, anaondoka na mkia juu.

Na ule mchezo wa uzi! Baba akivuta uzi wa nta, yeye ameuvizia upande wa pili. Mshono mmoja, kofi moja. Kiatu cha nusu saa kinachukua asubuhi nzima. Hakufukuzwa hata siku moja. Sisi watoto tulifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hayo.

Jioni baba kauliza: "Mkaguzi?" Yuko nje, nikasema. "Aa." Basi. Heri haoni uso wangu, maana uso huu haujui kuficha kitu.

Jumatano, 5 Juni

Kaka na akili zake! Ameazima paka wa jirani, yule mama fundi cherehani. Paka mnene, mvivu, kuhema tu kunamchosha. Shangazi anasema baba anahitaji kitu cha kupapasa tu, basi. Nikasema atajua kwa harufu, Mkaguzi alinuka ngozi na rangi ya viatu. Mdomo wangu huu! Kaka akaingia karakana, akatoka na tambara la rangi nyeusi ya viatu, akamsugua paka wa watu mgongo mzima.

Tukamweka mapajani kwa baba. Akampapasa. Mkono ukaenda masikioni, ukarudi mgongoni, polepole. Halafu pua ikaanza kumcheza. Mdomo ukafunguka — chafya! Chafya inakuja! Daktari kakataza! Shangazi akaruka, akamshika baba puani kwa vidole viwili, "Mdogo wangu, usithubutu!" Kaka kapigwa na butwaa, mimi nimeuma kitambaa cha meza. Hakuna aliyepumua. Ikapanda... ikashuka. Ikarudi ilikotoka.

Kiganja cha baba cheusi ti. Akaomba sabuni. Kaka anajipongeza eti tumefaulu.

Alhamisi, 6 Juni

Tulikuwa wawili tu, namkata baba kucha. Akasema: "Mrudishieni mama wa watu paka wake. Na mumwogeshe kwanza."

"Lini?" Jumatatu, baba. "Aliteseka?" Hapana. Ilikuwa mara moja.

Kumbe alijua tangu alipoingia! Alivua viatu akasubiri vikaguliwe, kama kila akirudi nyumbani. Viatu vimetoka hospitali, vina harufu zote za dunia — na havikupata wa kuvinusa. Akajua. Tangu juzi amekaa nalo, kang'ata meno, anatuuliza chai.

Amenikataza kuwaambia wenzangu. Wakijua watampa pole, na neno hilo ndilo litakalommaliza. "Nikiambiwa pole, mwanangu, nitalia." Wala nisimlilie pale. Nikaenda bafuni, nikafungulia bomba, nikalia huko.

Sasa namficha shangazi kwamba baba anajua tunachomficha. Nyumba yetu imekuwa kichekesho na sioni cha kucheka.

Ijumaa, 7 Juni

Bandeji imetoka. Anaona! Kaniambia nimekonda. Mwongo. Akamuuliza daktari, sasa anaruhusiwa kulia? Daktari akacheka, akadhani mzee anatania. "Vumilia wiki mbili, mzee wangu." Baba hakucheka.

Nyumbani shangazi alikuwa ameshajipanga sebuleni, kaka pembeni yake. "Mdogo wangu, keti, kuna jambo—" Baba akainua mkono. Anajua. Na mtu yeyote asimwambie pole. Akapita moja kwa moja hadi karakana, akafunga kwa komeo.

Ndiyo sasa hivi. Naandika hapa hapa koridoni, nimekaa chini. Ndani nyundo inagonga. Kuinama amekatazwa! Kaka anataka kuvunja mlango. Shangazi analia bila sauti, yeye! Sijawahi kuona.

Kuna mteja amefika kwenye dirisha la karakana, upande wa barabara. Sauti ya mama mmoja, mchangamfu. Anauliza mkaguzi wake yuko wapi leo, mbona viatu vyake havikaguliwi.

Nyundo imenyamaza.

"Amekufa," baba anasema. Kwa sauti kabisa.

Kaka ametoka mbio, anazunguka nyumba amuwahi yule mama asifungue mdomo. Hatamuwahi. Namjua huyo mama, ana adabu zake, hawezi kusikia msiba akanyamaza.