Isale kwa Mgeni Anayetudai

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Mkutano wa kijiji. Elimringi, mtendaji wetu wa kata, katangaza: Alhamisi ya wiki ijayo anakuja mgeni kutoka Ulaya, mmoja wa wakubwa wa wale wanaoidai nchi. Anataka kuwaona wakulima wa kahawa. Uganda wamesamehewa madeni, Msumbiji wamesamehewa, sisi bado tuko kwenye foleni. Kwa hiyo tutabasamu. Bei isitajwe! Akiondoka ameridhika, hata zahanati yetu inaweza kupata bati.

Bei isitajwe! Kilo nzima ya kahawa hainunui soda tatu!

Nikasimama. Watu kimya, hata kuku kimya. Nikawaambia mimi wazungu nawajua, nimewapandisha mlima mara arobaini. (Mbili. Ya pili niliishia kibanda cha kwanza.) Nikasema mgeni tumpe isale, jani letu la kuombea msamaha. Ukiletewa jani hilo na mtu anayeomba msamaha, hukatai, hata kama damu imemwagika. Basi deni la taifa litaishia hapa hapa Kibosho!

Makofi! Elimringi kaandika, na mbebaji wa jani ni mimi. Mimi, darasa la sita, nimetatua kilichowashinda mawaziri.

Jumatano, 8 Agosti

Kilabuni sasa naitwa Waziri wa Mambo ya Nje. Nikawapa historia. Zamani nchi hii ilivunja ubalozi na Mwingereza kwa ajili ya ndugu zetu wa Rhodesia, na haikuomba ruhusa kwa mtu. Kahawa ilikuwa na bei! Mimi mwenyewe nilipeleka lori la ndizi kwa wapigania uhuru, usiku simba wawili wamelala barabarani, nikapiga honi, wakanipisha kama polisi.

Jirani yangu Basili kadakia: mwaka jana simba alikuwa mmoja.

Nikamwambia wa pili alikuwa hajaamka.

Wakacheka mpaka mbege ikamwagika. Halafu Basili akauliza, taratibu: "Sasa nchi hiyo hiyo ndiyo inayokutuma wewe na jani?"

Mtu mchokozi sana yule.

Ijumaa, 10 Agosti

Mke wangu Magdalena alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuinua hata uso.

"Baba Flavia, anayebeba isale ni nani?"

Anayeomba msamaha.

"Yaani mkosaji. Na mkosaji anataja kosa lake mbele za watu. Wewe utataja lipi?"

Nikamwambia aangalie mtori wake. Mtori wenyewe sikuumaliza.

Jumapili, 12 Agosti

Padri kahubiri, sikusikia kitu. Natafuta kosa.

Kulima kahawa? Tuliambiwa tulime, na ukikata mbuni unashtakiwa. Kukopa? Nani aliniuliza? Hao hao wakopeshaji walisema serikali iache ruzuku ya dawa. Ruzuku ikafutwa, mibuni ikaugua, mavuno yakashuka, nchi ikabaki haina kitu, ikarudi kuwaomba hao hao. Na ukiomba, unakuwa rafiki wa kila mtu. Huwezi kumnunia balozi hata akikukanyaga mguu. Na si sisi tu. Redio inataja Zambia, inataja Malawi, wote wanaimba wimbo mmoja.

Nimezunguka shamba mara tatu. Kosa sijaliona!

Jumatatu, 13 Agosti

Nimekwenda ofisini kwa Elimringi. Shikamoo mzee, marahaba. Nikamwambia jani apewe mwingine, kiuno kinanisumbua.

Kafungua jalada. Ratiba ilikwenda wilayani, imerudi na muhuri. Namba saba: mkulima Ildefonce kuomba msamaha kwa niaba ya wakulima. Jina langu, kwa mashine! Siku nyingine ningeomba nakala.

"Mzee, mimi naagizwa," kasema. "Na wanaoniagiza wanaagizwa. Unadhani wa mwisho anakaa nchi hii?"

Kafunga jalada. Halafu: "Mke wangu anajifungua mwezi ujao, mzee. Zahanati haina paa."

Kijana wa watu. Nikaaga.

Alhamisi, 16 Agosti

Niko kwenye benchi uwanja wa shule. Suti ya harusi, isale mkono wa kushoto, daftari gotini. Elimringi anadhani napitia hotuba.

Mgeni amefika. Nilijiandaa kwa jitu lenye kitambi na sigara. Kumbe mama mtu mzima, mpole, viatu vyote matope. Kawapungia watoto. Hata kumchukia nimeshindwa!

Wanafunzi wanaimba. Mkalimani, binti wa Dar, kaniinamia: "Shikamoo baba. Hilo jani nimwambie ni la nini? La kukaribisha wageni, eti?"

Eti! Njia hiyo hapo, nyeupe! Nikisema ndiyo, mama atatabasamu, na mimi sijamkosea mtu. Ila atasamehe vipi asipojua kwamba ameombwa msamaha? Na wazee wote wamekaa pale, jani wanalijua. Mke wa Elimringi yuko mstari wa mbele, tumbo limefika magotini. Nyuma yake Magdalena, macho kwangu, hapepesi.

Miaka hamsini na mbili nimesema uongo bila kufikiri. Leo nafikiri!

Nimemwambia binti asubiri wimbo uishe. Una beti nne. Wako wa tatu.

Elimringi ananiashiria nisimame. Jasho limelowesha jani.

Ubeti wa nne. Binti anarudi, kalamu mkononi, mama wa watu yuko nyuma yake, keshanyoosha mikono yote miwili kupokea—