"Ego" ya mama

Jumanne, Bukoba

Mimi ndiye niliyemwachisha mama dawa. Mimi, ninayefundisha saikolojia chuoni!

Wiki iliyopita, kwenye grupu la ukoo, walisambaza kwamba dawa za presha zinaua figo. Nikampigia mama kule Buganguzi: "Mama, si kweli kwamba dawa za presha zinaua figo." Nikarudia na kurudia ili aelewe. Kila mara akajibu "Ego," yaani ndiyo kwa Kihaya, nami nikaridhika.

Leo dada kanipigia. Mama ana kizunguzungu, vidonge kaviacha. Nikampigia mama, nikamuuliza nani kamdanganya.

"Si wewe, mwanangu? Ulisema dawa za presha zinaua figo. Hao wa mtandaoni nisingewaamini."

Nilitaka kuitupa simu. Darasani nafundisha kwamba akili hushika kinachorudiwa, na ile "si kweli" hudondoka njiani. Halafu "ego" ya mama ni adabu tu ya kumsikiliza anayeongea. Nimelelewa nayo, nikasahau.

Safari hii figo sikuzitaja kabisa.

"Mama, kunywa kidonge sasa hivi, nikiwa hapa hapa kwenye simu."

"Ego."

Nikatega sikio nisikie maji yakimiminwa kikombeni. Nilichosikia ni "ego" nyingine.