Omena Tulizoanika Milimani

Akinyi mama,

Hapa Kaloleni tuko salama, na kuku wa marehemu babu yako wameanza kutaga tena. Umeniuliza kama wewe na mume wako mhame mtaa huo wa kifahari wa Nairobi au mvumilie kodi.

Sisi pia tulipooana tulikaa Milimani, mtaa wa matajiri wa mji wetu huu, tukiongea kwa sauti ya chini. Siku moja nilianika omena, dagaa wa ziwani, uani. Jirani akamtuma mlinzi aniambie zinanuka. Tukahama.

Huku Kaloleni nilipoanika tena, jirani alikuja na sahani tupu.

"Mama, hizi zote utamaliza peke yako?"

Babu yako alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho.

Na mume wako, huko mliko bado anacheka?

Nyanya yako